Bi Chura, Kiboko na Wimbo wa Mazoezi

Paukwa!
Pakawa!
Bwawa?
La Mungu.
Anayelikalia?
Mwenye tumbo.
Na mwenye kiu?
Ameze mate.

Basi mezeni mate. Na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma, acha kwanza. Hadithi hii haiendi na kutafuna.

Palitokea kiangazi. Maji ya nchi nzima yakabaki bwawa moja, na bwawa hilo alilikalia Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa, na uchoyo wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Akatoa sheria: anayetaka maji ashindane naye kuvuka bwawa. Akimshinda, bwawa ni la wote. Akishindwa, akafe kiu kwao.

Alijaribu Nyati, akashindwa. Alijaribu Swala, akashindwa. Alijaribu Nguruwe, akashindwa na kutukanwa juu yake. Wote walijua siri, ila haikuwasaidia: Kiboko haogelei. Huzama, akatembea chini kwenye tope, gudu gudu gudu, mara kaibuka ng'ambo.

Sasa Bi Chura. Yeye alikuwa na kidimbwi chake ndani ya unyayo wa tembo, na ndani yake viluwiluwi thelathini, wanawe wa kuzaa. Kila siku kidimbwi kilipungua.

"Mama, mgongo unaniungua," alisema mmoja.

"Jigeuze, mwanangu."

"Nimeshajigeuza."

Bi Chura alilia. Alilia ameinamia kidimbwi, ili machozi yasipotee bure.

Akamwendea shoga yake Nyenje, mwimbaji wa majanini.

"Shoga, nimekwisha. Wanangu wanakauka nikiwaona."

"Mshinde Kiboko."

"Kwa miguu hii?"

Nyenje akaitazama miguu. Kisha Bi Chura akauliza, "Hivi Kiboko hupenda nini?"

"Kila kilicho cha mwenzake."

"Basi panda kichwani kwangu, ukae karibu na sikio, uimbe."

Kiboko aliwaruhusu watu kujizoeza bwawani, maana alipenda kucheka. Ila mtoto usije naye, na ukitoka unakaguliwa kinywa. Bi Chura akaingia. Chapwi, chapwi. Nyenje akaimba:

Nyiri nyiri, piga mguu,
nyiri nyiri, piga mguu,
kimya... vuta pumzi.

Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakagonga ukingo. Halafu akaacha kucheka.

"We bibi, hicho nini kichwani?"

"Muziki, bwana mkubwa. Wa mazoezi."

"Wa nini?"

"Bila huo mimi ni wa kuzama tu. Wimbo ukilia, napiga mguu. Ukikaa kimya, nasimama navuta pumzi. Asiyefuata kimya hupasuka mapafu. Lakini tafadhali, bwana mkubwa, usininyang'anye, sina kingine."

Nani asiyejua kilichofuata? Kiboko akamchukua Nyenje, akamtia sikioni mwake. Na kwa kuwa Nyenje akizama wimbo unakufa, Kiboko ikambidi kichwa kikae juu ya maji, tope asilione tena.

"Nijizoeze siku sita," akasema. "Ya saba tushindane."

Siku sita. Bi Chura alidhani angesema mbili. Lakini alikwisha kutega, na mtego haukimbizwi.

Siku ya kwanza Kiboko akajizoeza, nyiri nyiri, akapiga mguu. Kimya, akavuta pumzi. Viluwiluwi wakabaki ishirini na watano.

Siku ya pili Kiboko akajizoeza, nyiri nyiri, akapiga mguu. Kimya, akavuta pumzi. Viluwiluwi wakabaki kumi na wanane.

Siku ya tatu Kiboko akajizoeza. Wakabaki kumi na mmoja. Kiboko alipopumzika, Bi Chura akaja ukingoni, akamnong'oneza Nyenje aliyetoka sikioni, "Tusingoje tena, shoga. Mwambie tushindane leo."

"Bado. Miguu yake haijazoea. Tukikosea, hakuna mara ya pili."

"Wanangu nao hawana mara ya pili."

Nyenje alilijua hilo. Akarudi sikioni kuimba, na sauti ilimtetemeka. Kiboko akausifu wimbo, akasema leo umekuwa mtamu zaidi.

Siku ya nne, saba. Siku ya tano, wanne. Siku ya sita Bi Chura hakuhesabu.

Siku ya saba wanyama wote wakajaa ukingoni. Moja, mbili, haya. Chapwi, chapwi, akaenda Bi Chura. Nyiri nyiri, akaenda Kiboko, hatua yake moja hatua arobaini za mwenzake. Alipofika katikati, Nyenje akanyamaza.

Kiboko akasimama, maji shingoni.

"Nenda, atakupita," wakasema wanyama, maana hata aliyeonewa hupenda kushabikia mkubwa.

"Nyie hamjui mazoezi," akajibu Kiboko. "Huu ni wakati wa kuvuta pumzi. Mwoneni yule, hapumziki. Atapasuka sasa hivi."

Bi Chura akapita chini ya kidevu chake. Kiboko akavuta pumzi, akangoja. Nyenje akaruka kimyakimya, akatua kwenye tete. Kiboko akazidi kungoja, sikio kalisimamisha. Chapwi, chapwi, chap. Bi Chura akagusa ng'ambo.

Wanyama wakalivamia bwawa, gubu gubu gubu, Nyati mbele, Nguruwe nyuma. Bi Chura hakunywa. Alirukaruka mpaka kwenye unyayo wa tembo. Ulikuwa tope zito. Akachimbua, akachimbua, akawapata wawili wanaopumua. Akawatia kinywani, akafunga mdomo.

Njiani Nyati akamzuia, ndevu zinadondoka maji. "Bi Chura, tueleze, umemshindaje?"

Bi Chura akanyamaza.

"Maringo hayo," akasema Swala. "Ushindi wa siku moja, keshakuwa hasemi na watu."

Akapita katikati ya miguu yao, akawatema wanawe majini. Wakaogelea. Akaketi kwenye tope akahesabu: mmoja, wawili. Akaanza tena mwanzo: mmoja, wawili.

Hadithi imekauka hapo. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni, mimi nimeizoea.

Mnataka mafunzo? Najua hamtaondoka bila mafunzo. Haya: anayeogelea ajizoeze kwa muziki, huupa mwili nguvu. Anayebisha amwulize Kiboko. Na la pili, subira huvuta heri. Bi Chura alisubiri siku sita, akavuta heri mbili.