Swali Lililozunguka Nyika

Mwaka huo kisima cha nyikani kilikauka hadi vyura wakahama. Mtoto wa Digidigi alilala ubavu, ulimi umegandama kinywani, hata kulia halii, na huko kutolia ndiko kulikomtisha mama yake.

Desturi ya pale ukitafuta kitu unamwuliza jirani, jirani anamwuliza wake, na jibu linarudi kwa midomo ile ile iliyopitisha swali. Digidigi hakuweza kungoja. Aliuliza kila mlango, kila mlango ukauliza milango yote, nyika nzima ikawa inauliza na hakuna anayejibu. Mara Ngiri akabisha hodi.

"Mama, samahani, kuna mtu anatafuta maji. Unajua yalipo?"

"Mtu huyo ni mimi."

"Basi nitawaambia umepatikana."

Kwa Fisi nako swali lilifika, likafika tena. "Huku kwetu hata mate hatuna," alijibu, akarudi kulalia jiwe alilofunikia chemchemi.

Sungura alipita, akamtazama mtoto. "Shemeji, umeuliza wengi mno. Sote midomo imepasuka, wa Fisi unang'aa. Tumwulize yeye tu."

"Atakana."

"Akiulizwa maji."

Swali jipya likatoka kwa Sungura kwenda kwa Ngiri, kwa Kobe, kwa Fisi, basi. "Kuna mzoga wa nyati," Kobe alimwambia Fisi, "umekauka, hautafuniki. Anatafutwa mwenye maji ya kuulowesha, apewe nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya nyuma."

"Maji ninayo, chini ya jiwe hili. Mzoga uko wapi?"

"Sijui, nimetumwa tu."

Fisi akatoka mbio kuutafuta. Kobe akageuka na jibu, kwa mwendo wake, na Digidigi amemwinamia mwanawe akisikiliza kama bado anapumua. Ngiri akashindwa kuvumilia, akamfuata Kobe njiani, akalichukua jibu, akarudi nalo mbio.

Wakalipindua jiwe. Mtoto akanywa, akapaliwa, akalia, na mama yake hakumnyamazisha.

Fisi alipita mlango kwa mlango kuulizia mzoga. "Huku kwetu hata mifupa hatuna," wakamjibu wote. Aliporudi, nyika nzima ilikuwa imeshakunywa, pamebaki tope na nyayo. Akalamba jiwe.

Mtaka yote hukosa yote.