Mabati ya Kioo na Bibi Aliyebaki Ndani

Wapendwa, wale wa nyuma sogeeni mbele kidogo, maana habari ya leo sitaki kuipigia kelele. Nataka kuwapa mfano wa mama mmoja aliyeogopa. Jina nimempa mwenyewe, tumwite Tusajigwe, na mji wake tuuweke kule milimani ambako mvua hainyeshi, inamwagika.

Tusajigwe alikuwa mtu wa kubuni vitu. Mnawajua watu wa namna hiyo, hawawezi kuona kitu kimetupwa wakapita zao. Yeye alikuwa anaona chupa zilizovunjika nyuma ya maduka, zinawakata watoto miguu, na roho inamsumbua. Akajenga tanuru nyuma ya nyumba yake. Akaziyeyusha zile chupa mpaka zikawa uji mwekundu. Halafu akaunda pipa la chuma lenye vitundu pande zote, linazunguka kwa kasi, kama kile chombo kinachotengenezea watoto sukari ya nyuzi kwenye sherehe. Uji wa kioo ukimiminwa mle, unarushwa nje kupitia vitundu, unatoka nyuzi laini, nyembamba kuliko nywele za kichanga. Zilimwasha mikono, akawa anajikuna hata kanisani, lakini hakuacha. Nyuzi hizo akazikatakata, akazichanganya na saruji na mchanga, akamimina kwenye fremu, na mchanganyiko ulipokauka akapata bati la kuezekea.

Bati gani lile! Halipati kutu. Jua likiwaka halichomi. Mvua ikinyesha halipigi kelele. Alilipiga nyundo mbele ya watu, nyundo ikadunda. Akasimama katikati yake, na hakuwa mwembamba, bati likapinda kidogo likarudi. Watu wakapiga makofi, wakaliita bati la kioo. Kwanza aliezeka jiko la mama yake, lile la nje. Miaka miwili mitatu ikapita, jiko limetulia, ndipo wazee wa kanisa lake wakamwendea wakasema, tuezekee nyumba ya Bwana. Akaezeka. Lilikuwa kanisa kubwa kama hili letu. Na tangu siku hiyo hakupita barabarani bila mtu kumwamkia na kumwonyesha kwa mwenzake: huyo ndiye mama wa mabati.

Sasa sikilizeni. Mchana mmoja, miaka imeshapita, Tusajigwe amekaa jikoni kwa mama yake wanamenya ndizi. Nje kuna mparachichi. Parachichi likachomoka mtini, likaanguka juu ya paa, likatoboa bati, likaingia mpaka ndani na kutumbukia kwenye beseni la maganda. Parachichi, wapendwa. Si jiwe.

Mama mtu akacheka mpaka akashika mbavu. "Leo mboga imejileta yenyewe!"

Tusajigwe hakucheka. Aliokota kipande cha bati pale chini akakitazama pembeni, pale kilipovunjika. Bati lake alilijua. Likivunjwa lilikuwa linaachia nyuzi, limechanika kama kamba ya katani, huku na huku limeng'ang'aniana. Hiki kilikuwa kimekatika safi. Hakuna hata uzi mmoja uliotokeza. Akakishika kwa vidole gumba viwili, akakandamiza. Kikavunjika kama biskuti.

Akaelewa. Saruji ina ukali, kila fundi anajua, huo ukali ndio unaochubua mikono. Na huo ukali ulikuwa unazitafuna nyuzi za kioo, pole pole, ndani kwa ndani, mwaka baada ya mwaka, huku kwa nje bati linang'aa kama siku lilipopandishwa. Kile kioo hakikuweza kukaa na saruji. Yeye hakulijua hilo alipokuwa anabuni. Sasa alikuwa anajua.

Naona wengine mmeanza kutazama juu. Tulieni, haya yetu ni mabati ya chuma.

Alitoka pale hajala. Akaenda kwenye karakana yake, akatoa mabati yaliyobaki siku ile ya kuezeka kanisa, akalaza moja juu ya mawe mawili, akalikanyaga. Likashika kidogo, halafu likatoa mlio mkavu, likawa vipande. Akakanyaga la pili, vivyo hivyo. Akaenda kanisani peke yake, siku ya kazi, hakuna mtu. Akasimama katikati, akainua macho. Wingu likafunika jua, na kule juu bati likalia: tik. Wingu likapita, jua likatoka: tik. Akaona mistari myembamba, kama ile ya kisigino kilichopasuka kiangazi, imeanza kwenye msumari mmoja inatembea kuelekea mwingine. Miguu ikagoma. Alitaka kutoka, akashindwa kuinua hata unyayo, kana kwamba akitikisa sakafu tu paa zima litamjia.

Alikuwa na mwenzake pale karakana, kaka mmoja, tumwite Ambakisye, waliyeanza naye kazi tangu tanuru la kwanza. Akamweleza yote. Ambakisye akaketi juu ya mfuko wa saruji.

"Dada, umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi iishie kwangu. Limekaa miaka yote hiyo, litakaa. Kiangazi tutapanda tulipake rangi ya kuzuia maji."

"Rangi inapakwa nje, Ambakisye. Ugonjwa uko ndani."

"Sawa. Nenda kaseme basi. Watu watoke, wakae nje wakisubiri lianguke, na lisianguke. Umewahi kufikiria hapo? Utakuwa nani wewe katika mji huu?"

Wapendwa, neno hilo lilimwingia kuliko yote. Lisipoanguka je? Akanyamaza. Watu waliotaka mabati mapya akawaambia tanuru limeharibika. Jumapili akaanza kukaa benchi la mlangoni, na watoto wake akawa anawashika mikono kwa nguvu mpaka wanalalamika. Wakiimba wimbo wa kupiga makofi na kuruka, yeye anafumba macho. Watu wakasema, mama wa mabati siku hizi anazama sana katika maombi. Hakuwa anaomba. Alikuwa anasikiliza juu.

Ikafika Jumapili ya mavuno. Kanisa limejaa, watu mpaka kwenye madirisha. Mvua ilikuwa imeanza tangu asubuhi, ile ya kumwagika. Katikati ya ibada mchungaji akasema, "Tunapomshukuru Mungu kwa mavuno, tumshukuru pia kwa binti yetu aliyetuezekea. Angalieni mvua hiyo, na sisi tunasikilizana kama hainyeshi. Mama Tusajigwe, njoo mbele utusalimie."

Akaenda. Sijui alitembeaje. Akapewa kipaza sauti. Na kwa kuwa mabati yale hayakuwa na kelele ya mvua, aliisikia ile sauti nyingine, ambayo yeye peke yake aliijua maana yake. Tik. Halafu tena, karibu zaidi. Tone la maji likaanguka juu ya meza ya Bwana. Bati lililokunywa maji huwa zito.

"Naomba mtoke nje," akasema.

Watu wakadhani hawajasikia vizuri. Mchungaji akamsogelea. "Mama, unajisikia vibaya?"

"Mchungaji, hili paa nimelitengeneza mimi, na limeoza. Nimejua tangu zamani nikanyamaza. Tokeni. Mama zangu, chukueni watoto, tokeni!"

Ikawa vurugu. Mabenchi yakapinduka, viatu vikaachwa, vikapu vya mavuno vikakanyagwa. Watu wakamwagika uwanjani kwenye mvua na nguo zao za Jumapili, wakasimama mbali, wakageuka kulitazama kanisa.

Kanisa likawatazama.

Mvua ikanyesha. Watoto wakaanza kutetemeka. Paa limetulia, linachuruzika maji vizuri kabisa kama paa lolote. Mnong'ono ukaanza. Kisha kaka mmoja akapaza sauti, "Mama, hilo paa lako linaanguka saa ngapi? Tuambie, twende nyumbani tukabadilishe nguo kwanza turudi!" Watu wakacheka. Mwingine akasema amechanganyikiwa. Mwingine akasema anataka tu tununue mengine kwake. Ambakisye aliyekuwa amesimama karibu naye akasogea pembeni taratibu, akajifanya anamfunika mtoto wa mtu.

Hapo ndipo nataka mnisikilize kwa moyo. Tusajigwe amesimama pale, maji yanamtiririka usoni, kila jicho linamchoma, na moyoni mwake yakaanza kupanda maombi. Yalianza yenyewe, hakuyaita. Bwana, liangushe. Liangushe sasa hivi, wakiona. Usiniaibishe. Liangushe. Na alipoomba alisikia utamu. Aliona paa likibomoka, vumbi likipanda, na wale waliocheka wakimpigia magoti.

Akalitazama lile paa kama mtu anayesubiri sherehe. Halafu macho yakashuka mpaka mlangoni. Na ndani kabisa, benchi la mbele, aliona kitambaa cheupe cha kichwani.

Kulikuwa na bibi mmoja ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Kila Jumapili majirani walikuwa wanambeba mpaka benchi la mbele, na ibada ikiisha wanambeba kumrudisha. Siku ile kila jirani alidhani jirani mwenzake amemchukua. Bibi alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani, peke yake katika kanisa zima.

Tusajigwe alimtambua. Alikuwa ameomba nini? Ameomba paa limwangukie nani?

Akakimbia. Watu wakapiga kelele, "Anaenda wapi tena huyo?" Yeye akaingia. Na mguu ulipokanyaga ndani hofu ya siku ile alipogandia katikati ya kanisa ikamrudia yote kwa mara moja, akashika benchi, akasukuma mwili mbele, benchi hadi benchi, mpaka akafika.

"Bibi, hukunisikia niliposema mtoke?"

"Nilikusikia mwanangu. Tena mimi nilikuamini." Bibi akamtazama bila hasira. "Ila mlikimbia wote. Na wewe ulikimbia."

Akainama, akambeba mgongoni. Bibi alikuwa mzito kwa uzee na kwa ile miguu iliyokufa. Juu kunalia tik, tik, huku na kule, na maji yanadondoka kwenye shingo. Njia ile ya katikati, ambayo maharusi huipita wakicheza, ilikuwa ndefu mno. Bibi alimnong'oneza sikioni njia nzima, "Taratibu mama, taratibu, usianguke." Wakatoka. Na hakuna aliyecheka tena. Vijana waliokuwa mbele walikuja mbio kumpokea bibi, na hawakumtazama Tusajigwe usoni, kwa sababu na wao walikuwa majirani wa bibi.

Najua mnangoja niwaambie kwamba walipovuka kizingiti tu, paa likaanguka kwa kishindo.

Halikuanguka.

Halikuanguka siku ile, wala siku zilizofuata. Wazee waliwapandisha mafundi kulishusha, na mabati yalikuwa yanawavunjikia mikononi kabla hawajang'oa misumari, na fundi mmoja goti lake lilizama akabaki ananing'inia kwenye mbao. Yote yalishushwa vipande vipande. Wakaezeka ya chuma, yenye kelele. Lakini nendeni mkawaulize watu wa mji ule, wengi watawaambia mpaka leo kwamba yule mama alitutoa nje kwenye mvua bure.

Mchungaji wake alimtembelea, akamkuta amezima tanuru, akajaribu kumfariji. Tusajigwe akamwambia, "Mchungaji, kwanza niliogopa lisije likaanguka. Halafu nikaogopa lisipoanguka. Hofu ya kwanza Mungu amenisamehe, nimeamini. Hiyo ya pili inanitisha mpaka sasa, kwa sababu sikujua kama imo ndani yangu."

Sasa wapendwa, tujitazame. Sisi ni hodari wa kuonya. Umemwonya mwanao kuhusu wale marafiki. Umemwonya mdogo wako kuhusu pombe, umemwonya shemeji kuhusu ile ndoa. Hakusikia, akakucheka. Nawe ukatoka nje, ukasimama mbali, ukakunja mikono. Unasubiri nini hapo uliposimama? Ukisikia mambo yake yameanza kulia tik, moyo wako unafanya nini? Unaumia, au unaona utamu kidogo? Nani kati yetu hajawahi kuomba lianguke, ili tu watu wajue kwamba alisema kweli?

Na huyo uliyemwonya, una hakika hakusikia? Hujui kama alikuamini tangu neno la kwanza. Labda anataka kutoka kuliko unavyotaka wewe atoke, ila miguu hana. Yuko ndani peke yake, anakuona kupitia mlangoni umesimama na ukweli wako, u salama, huna dosari.

Wapendwa, sina neno la kuwapunguzia hofu leo. Ogopeni. Kisha ingieni mkamtoe.