Wajina wa Mtoto wa Tausi

Sogeeni karibu, na msikilize mpaka mwisho, maana hadithi hii inataka jibu kutoka kwenu. Wenyewe walioishi ndani yake wameshindwa kukubaliana.

Mjini Morogoro palikuwa na kampuni ndogo iliyotengeneza programu ya kompyuta ya kuwalinda wajawazito. Zahanati zilituma kadi za kliniki, na programu ikawaonya wauguzi mapema kama kuna mama yumo hatarini. Wanawake watatu walifanya kazi humo. Leokadia alichambua takwimu. Katika maelfu ya namba aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Rukia aliandika programu, na alichoandika hakikuharibika ovyo. Sikudhani aliingiza kadi kwenye kompyuta, na aliwajua watu waliokuwa nyuma ya kadi zile.

Sikudhani alikaa karibu na mlango. Wageni wakija, mkurugenzi aliwapitisha mbele yake moja kwa moja hadi kwa Leokadia. "Huyu ndiye ubongo wetu," alisema. "Na Rukia hapa ndiye mikono." Sikudhani alisubiri kusikia yeye ni kiungo gani. Akaombwa alete chai. Aliimimina akitabasamu, na moyo ukimuuma.

Siku moja mkurugenzi aliagiza kwamba majina yote yenye namba moja ya simu yafutwe, libaki moja, kwa kuwa ni mtu mmoja aliyeandikwa mara nyingi. Sikudhani alikuta wanawake kumi na mmoja wa kijiji cha Mgudeni wenye namba moja. Hakufuta. Aliipiga ile namba, akapokea Mama Chuma, mwenye mashine ya kusaga.

"Hao wote ni wateja wangu," alisema Mama Chuma. "Hawana simu. Simu yao ni mimi."

Jina la tisa katika wale kumi na mmoja lilikuwa Tausi.

Leokadia naye alikuwa amegundua kwamba presha ikipanda kidogo kidogo kila kliniki, na uzito ukaruka ghafla, mama yumo hatarini hata kama muuguzi ameandika "kawaida". Kadi ya Tausi iliandikwa "kawaida" mara tatu. Leokadia akaiwekea alama nyekundu.

Rukia alijua kwamba zahanati ya Mgudeni haina mtandao wa uhakika. Aliandika programu yake hivi: onyo likitumwa, lisitulie mpaka mtu ajibu kwamba amelipokea. Muuguzi asipojibu, liende kwa mganga wa zahanati. Mganga asipojibu, liende kwa dereva wa gari la wagonjwa. Siku ya Tausi, muuguzi na mganga hawakupatikana. Dereva alijibu. Alimkuta Tausi ameanza kifafa cha mimba, akamfikisha hospitali. Daktari alisema angechelewa saa moja tu, wangewazika wawili.

Siku mbili baadaye Mama Chuma alimpigia Sikudhani.

"Tausi kajifungua mtoto wa kike, wazima wote. Anasema mtoto atachukua jina la aliyemwokoa. Siku ya saba anapewa jina. Huyo aliyemwokoa ni nani, mwanangu?"

Kule Mgudeni wajina ni mzazi wa pili. Ndiye anayemfunga mtoto kanga ya kwanza, na kwake mtoto hufikia maisha yake yote. Sikudhani alikuwa na miaka arobaini na mitatu, ameolewa mara mbili, na hakuna mtoto aliyewahi kumwita mama. Jina lake lilikuwa mdomoni tayari. Lakini lilikataa kutoka.

"Nitakuambia," akasema. Kisha akanyamaza siku nne, hakumwambia mtu. Kila Leokadia alipocheka, Sikudhani alimwona kama anacheka akiwa na mtoto yule mkononi.

Siku ya saba asubuhi Mama Chuma alichoka kusubiri, akapiga simu ya ofisi. Rukia akapokea, akaelezwa yote, akamwambia waliomwokoa Tausi ni watatu, atampigia baadaye.

"Siku nne, Da Siku?" Rukia aliuliza. "Unatumiminia chai, na habari hii umeikalia?"

"Ninyi mna makofi. Mimi nilitaka jina tu."

"Makofi yako wapi nikifika nyumbani?" Leokadia akasema. "Nina wavulana wanne. Jina hili alinipa bibi yangu, na nikifa limekwisha. Unafikiri sikuonei wivu? Watu wa vijijini wanakupigia wewe. Mimi wananijua kama alama nyekundu."

"Mimi sina kisa cha kuwaliza," Rukia akasema. "Nalitaka kwa sababu ni haki yangu. Onyo lile lingekata tamaa mara ya kwanza, leo tungekuwa tunagombania kaburi."

"Na mimi ningemfuta, mngemwona wapi?" akauliza Sikudhani.

Simu ya Sikudhani ikaita mezani.

"Tausi yuko hapa kando yangu, anasikia," alisema Mama Chuma. "Mtoto ameshaogeshwa, wageni wamekaa. Tutajieni jina, moja tu. Hawezi kubeba matatu."

Leokadia akamtazama Sikudhani. Rukia akamtazama. Sikudhani akaiinua simu, na upande wa pili akamsikia mtoto akilia.

Basi ninyi mliosikiliza, semeni. Mmoja alikataa kulifuta jina, mmoja aliiona hatari, mmoja alilituma onyo lisilochoka. Na yule wa kwanza alinyamaza siku nne kwa wivu: je, hilo linampunguzia haki yake? Kama simu ile ingekuwa mkononi mwako, ungemwambia Tausi amwite mwanawe nani?