Kwa Nini Kiongozi wa Kwemtulu Hukaa Bondeni

Mmekuja nusu, na hiyo nusu yenyewe imechelewa. Haya, kaeni kwenye nyasi, wekeni fagio chini, tuwangoje wenzenu. Nilisema saa moja kamili na sasa ni saa mbili na robo. Usafi wa kitongoji hauanzi na watu wanane, kwa hiyo nitawaeleza jambo ambalo kila mgeni akifika hapa huniuliza, na ambalo nyinyi wenyeji mmelisahau kwa makusudi. Vijiji vyote vya milima hii humweka kiongozi wao juu, penye upepo. Sisi wa Kwemtulu tunamweka chini kabisa, kando ya chemchemi. Kwa nini?

Zamani haikuwa hivyo. Nyumba zilikuwa tisa, zimepangana kwenye mteremko huu huu kama ngazi. Ya juu kabisa ilikuwa ya Shekigenda, aliyekuwa zumbe, yaani mkuu wa kijiji. Ya chini kabisa ilikuwa ya mjane aliyeitwa Mamndolwa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na makaburi mawili, la mumewe na la mwanawe wa pekee, na mbele yake ilibubujika chemchemi ambayo kijiji kizima kilichota maji.

Watu wa zama hizo walikuwa wasafi kupita kiasi. Nasema hivyo bila kuwasifu, kwa sababu usafi wao ndio ulioleta balaa. Kila alfajiri walifagia nyua zao mpaka unga ukimwagika unaweza kuuzoa na kuupika. Lakini kila mmoja alifagia kuelekea chini, na ufagio wake ulikoma kwenye mpaka wa jirani. Magunzi, majivu, manyoya ya kuku, vigae vya vyungu, vyote vikishavuka mpaka vilihesabiwa kuwa ni vya mwingine. Zumbe alimsukumia wa pili, wa pili akamsukumia wa tatu takataka zake pamoja na za zumbe, na hivyo hivyo, ngazi kwa ngazi, hadi kwa Mamndolwa.

Yeye hakuwa na wa kumsukumia. Chini yake ilikuwa chemchemi, na Mamndolwa hakuweza kutia majivu kwenye maji ya watu. Basi alichimba shimo mbali, kando ya shamba lake, na kila siku alijitwika tenga la uchafu wa nyumba tisa akaupeleka huko. Akirudi, alikuta uwanja umejaa tena. Alipanda kulalamika. Nyumba ya nane ilimwambia hizo takataka zimetoka kwa wa saba. Wa saba akamwelekeza kwa wa sita. Alipofika juu, zumbe alimwonyesha uwanja wake unaong'aa na kumuuliza kama anaona hata unyoya mmoja.

Sasa sikilizeni jinsi wakubwa walivyotatua tatizo, maana hata leo wakubwa hutatua hivyo hivyo. Waliitisha mkutano. Wakaitisha wa pili wa kupitisha maneno ya ule wa kwanza. Mwishowe wakaanzisha mashindano. Kila mwezi ukiandama, wazee wangepita kukagua nyua, na mwenye uwanja safi kuliko wote angepewa ufagio uliofungwa shanga, wa kutundikwa juu ya mlango. Haukuwa wa kufagilia. Ulikuwa wa kutazamwa.

Mtaniambia aliyeshinda mwezi wa kwanza ni nani? Zumbe. Na mwezi wa pili? Zumbe. Yeye hakuwa na mtu juu yake. Wengine, kwa hamu ya kuupata ufagio ule, wakazidisha bidii, wakawa wanafagia asubuhi na jioni, na mzigo wa Mamndolwa ukawa mara mbili. Kila ukaguzi ulimkuta amesimama katikati ya jalala, tenga kichwani, na wazee wakatikisa vichwa wakisema mama huyu ni mchafu, tangu afiwe amejiachia.

Mwezi wa tano wakaamua kwamba nyumba chafu kuliko zote inaaibisha kijiji, na mwenyewe ahame. Mamndolwa aliomba aachwe akae na makaburi yake. Alikumbusha kwamba takataka zile zina wenyewe. Wazee walijibu kwamba wao wamepita nyumba nane na hawakuona takataka hata moja. Hapo akachoka. Alifunga mkeka wake, akawaagiza wale wawili waliolala wamngoje, akaenda kuishi kwa dada yake ng'ambo ya mlima. Tenga lake aliliacha mlangoni.

Hakuna aliyelibeba. Uwanja wake ukajaa kabla mwezi haujafika nusu. Makaburi yakafunikwa na magunzi, kisha chemchemi ikazibwa na majivu, na wanawake wakaanza kufuata maji mto wa mbali, kutwa nzima kwenda na kurudi. Takataka zilipokosa pa kwenda zikaanza kurudi juu. Mwezi ulipoandama, nyumba ya nane, ya mzee Shembilu, ambaye alikuwa wa kwanza kusema Mamndolwa amejiachia, ilikutwa imezama hadi kizingitini. Shembilu akalia kwamba uchafu ule si wake. Waliomhukumu walikuwa wanaijua hoja hiyo, walikwishaikataa mara moja, wakaikataa tena. Mkuki kwa nguruwe. Akahama.

Mnadhani wa saba aliacha kufagia kuelekea chini? Au wa sita aliona mwenzake amefukuzwa akajiuliza kesho ni zamu ya nani? Jamani. Waliendelea kufagia. Kila mwezi nyumba moja ilikuwa chafu, na kila mwezi moja ilihamishwa, huku waliobaki wakipongezana kwamba kijiji kinazidi kupendeza. Mwezi wa nane baada ya mjane kuondoka, ikabaki nyumba ya zumbe peke yake. Alifagia uwanja kama kawaida, akafika mpakani, na ufagio ukagonga ukuta wa takataka uliomzidi kimo. Alisukuma, zikamrudia miguuni. Na kwa kuwa nyumba ilikuwa moja tu, yake ndiyo iliyokuwa safi kuliko zote, na yake ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote, na hapakuwa na mzee aliyebaki wa kukagua.

Shekigenda alikaa siku mbili bila maji. Siku ya tatu aliushusha ule ufagio wa shanga kutoka mlangoni, akavuka mlima, akamkuta Mamndolwa akipeta mahindi. Akampa ufagio, akamwambia kijiji kimekubali kwamba yeye ndiye mshindi. Mamndolwa aliupokea, akakata uzi, shanga zikamwagika, kisha akafagia makapi yake kwa ule ufagio hadi kwenye shimo lake mwenyewe.

"Nitarudi, kwa ajili ya wale wangu wawili," alisema. "Lakini sirudi kuwa wa mwisho. Wa mwisho uwe wewe."

Zumbe alieleza kwamba mkuu hakai bondeni, haijawahi kutokea. Mamndolwa akarudi kwenye mahindi yake. Zumbe akasimama pale mpaka kiu ikamshinda, akakubali.

Waliitwa wote warudi. Walizoa siku kumi na tatu, kwa matenga, kila nyumba ikachimba shimo lake, na siku ya kumi na nne chemchemi ikapumua. Mamndolwa alirudi kwenye nyumba yake, akayaosha makaburi kwa maji ya kwanza. Na Shekigenda akajenga chini yake, kando ya chemchemi, akawa wa mwisho. Asubuhi ya kwanza huko bondeni alipata gunzi moja mlangoni. Alilitia kwenye tenga la mjane, akapanda mlima nalo, akabisha hodi nyumba moja moja akiuliza kwa upole kama kuna aliyepoteza kitu. Hakuna aliyefagia kuelekea chini tena. Msinidanganye kwamba yalikuwa mapenzi ya mazingira. Ilikuwa aibu, na aibu inatosha kama watu wanayo.

Na tangu siku hiyo kiongozi wa Kwemtulu, akichaguliwa, huiacha nyumba yake na kuhamia ile ya bondeni, ili uchafu wa kila mtu ufike kwa mtu mwenye sauti. Mimi nimekaa huko miaka kumi na mmoja.

Nao hao wenzenu wanakuja, naona. Njooni, msijifiche nyuma ya uzio. Juzi niliwaandikia matangazo ya usafi wa leo kwa mkono wangu, karatasi thelathini na mbili, nyumba thelathini na mbili, kila moja na jina la mwenyewe. Leo alfajiri nimefungua mlango nikayakuta ishirini na saba kizingitini. Yameteremka yenyewe, bila shaka. Mengine yamefungiwa maandazi. Yamo humu kwenye tenga, na nitayasoma majina, kila mtu aje achukue lake.

Kisha tufagie. Wala sitawasihi, nimesihi vya kutosha. Nataka tu mjue kwamba uchaguzi ni mwezi ujao na mimi sigombei. Mmoja wenu atahamia kule chini. Mimi narudi kwangu, kwenye nyumba ya juu kabisa, na ufagio ninao.