Gavana Aliyekuwa Akiyakagua Maji

Fungua mfereji!

— Shhhhh! Upepo mtupu!

Aaa, sauti gani hiyo? Nyie wa nyuma mnaotafuna karanga, mezeni kwanza. Nikisema "fungua mfereji", nataka mnijibu kama watu waliokaa na ndoo tupu tangu alfajiri. Tena! Fungua mfereji!

— Shhhhhhhh! Upepo mtupu!

Hapo sawa. Sasa kaeni vizuri, na asikalie mtu mkia wa mwenzake.

Hapo kale, kale ya wanyama, si ya juzi, kwa hiyo asije mtu kesho akaniambia nimemsema shemeji yake, Simba alitawala nchi nzima kutoka ikulu yake ya mbali. Ukitaka choo cha shule, umwandikie Simba. Ukitaka dawa ya kikohozi, umwandikie Simba. Jibu likifika, kikohozi kimepona chenyewe au mgonjwa keshazikwa. Wanyama wakapiga kelele mpaka Simba akakosa usingizi. Akasema, "Haya, gatueni! Kila kaunti ijitawale, mniache nilale!"

Kaunti ya Matopeni ikamchagua Kiboko kuwa gavana. Kwa nini Kiboko? Msiniulize, mimi sikupiga kura. Alikuwa na mdomo mkubwa. Ukifunguka kwenye mkutano unaziona ahadi zote mpaka kooni.

Na mwanzo ulikuwa mzuri, tusimwonee. Lambo likachimbwa, likajaa maji mpaka pomoni. Bomba likalazwa ardhini kutoka lamboni mpaka zahanati ya Mwambani. Siku ya uzinduzi palikuwa na ngoma, vigelegele na utepe. Gavana Kiboko akayatazama maji. Maji yakamtazama Gavana Kiboko. Akasema, "Wananchi, kabla hamjayanywa, lazima mimi mwenyewe niyakague."

Akaingia. Chubwiii!

Wananchi wakangoja. Jua likapanda, wakauliza, "Mheshimiwa, vipi?"

"Ukaguzi unaendelea."

Mwezi ukaandama. "Mheshimiwa, vipi?"

"Ukaguzi unaendelea."

Mvua zikaja, zikaaga, zikaenda zao. "Mheshimiwa, vipi?"

"Jamani, mnataka nikague ovyo ovyo?"

Akala humo, akalala humo, akakoroma humo. Majani analetewa kwa mkokoteni. Bunge la kaunti nalo likahamia ukingoni mwa lambo, maana gavana hawezi kuacha ukaguzi nusunusu aende vikaoni. Na kule zahanati je? Fungua mfereji!

— Shhhhh! Upepo mtupu!

Ehe! Mkunga wa zahanati, Bi Kanga, ndege wa madoadoa, asiye na subira, akawa anawaambia wajawazito, "Ukija kujifungua, njoo na leso mbili, sabuni, na maji yako mwenyewe. Kama huna maji, mwambie mtoto asubiri."

Sasa wadi hiyo ya Mwambani ilikuwa na mwakilishi wake bungeni, Mheshimiwa Pimbi. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama wa kwenye mawe, hafiki goti la mbuzi, na mkia hana. Ukimuuliza mkia uko wapi, anasema aliumaliza kwenye kampeni. Mkewe, Mwamvua, alikuwa mjamzito, miezi imetimia, tumbo linafika kabla yake kila anapokwenda.

Mwamvua akamwambia, "Baba, mimi siendi kujifungua na kikombe cha maji kama naenda kupiga mswaki. Jirani yetu alikwenda hivyo, akarudi na homa, nusura tumzike. Wewe si mheshimiwa? Heshimika basi, maji yatoke!"

Pimbi akameza mate. Hayo ndiyo maji pekee yaliyokuwapo.

Bunge la Matopeni lilikuwa na utaratibu wake. Mheshimiwa anaandika swali. Serikali inajibu kwa maandishi. Jibu linatiwa muhuri wa gavana, nao ulikuwa wayo wake mwenyewe. Halafu Spika Kobe anasoma swali na jibu mbele ya wote, na jibu likishasomwa ni amri. Anayeikaidi anakutana na Sajenti wa Bunge. Na Sajenti wa Bunge ni Nyuki. Si nyuki mmoja, jamani. Nyuki na ukoo wake!

Majibu yaliandikwa na Kasuku, karani wa gavana. Kasuku alikuwa na jibu moja, zuri, lililopigwa pasi:

"Serikali inashukuru kwa swali zuri. Inalifahamu jambo hilo, inaliunga mkono kwa miguu yote minne, na litatekelezwa kabla jua la leo halijazama."

Analipeleka kwa Kiboko. Kiboko, macho kayafumba, anatoa mguu majini. Pa! Tope. Limepita.

Mheshimiwa Swala akauliza, "Kwa nini zahanati haina maji?" Jibu: serikali inalifahamu jambo hilo, inaliunga mkono kwa miguu yote minne. Waheshimiwa makofi, pa-pa-pa-pa! Walipofika nyumbani ndipo wakajikuna vichwa: inaunga mkono kukosa maji?

Mheshimiwa Pundamilia akauliza, "Kwa nini barabara ya Kichakani ina mashimo?" Jibu: serikali inalifahamu jambo hilo, inaliunga mkono kwa miguu yote minne, na litatekelezwa kabla jua la leo halijazama. Makofi, pa-pa-pa-pa! Na kweli, kabla jua halijazama, shimo jipya likatokea.

Pimbi akakaa juu ya jiwe lake, akawaza. Akachukua kalamu, akaandika, "Je, Gavana ana habari kwamba mwezi umeanguka kwenye choo cha shule ya Kichakani?"

Spika Kobe akasoma jibu bila kutikisa shavu: "Serikali... inashukuru... kwa swali... zuri. Inalifahamu... jambo hilo..."

Lo! Bunge likaanguka kwa kicheko. Fisi alicheka mpaka akatolewa nje kwa utovu wa nidhamu. Kiboko kule majini akasikia kelele, akafungua jicho moja, akasema, "Asanteni, asanteni," akalifumba.

Pimbi akakimbia nyumbani, mbio, tiki-tiki-tiki juu ya mawe. "Mke wangu! Tumekuwa tukiuliza vibaya! Sisi tunauliza kwa nini, kwa nini. Yule kwa nini haijui. Yule anakubali tu! Basi tumpe cha kukubali."

"Mpe upesi," Mwamvua akasema, kajishika kiuno. "Huyu wa ndani ameanza kubisha hodi."

Pimbi akaandika swali la pili. Asubuhi na mapema likatua mbele ya Kasuku. Kasuku akalisoma. Manyoya ya shingo yakamsimama. Akaruka, puruu, akatua kichwani mwa Kiboko.

"Mheshimiwa Gavana, hili swali lina jina lako."

"Maswali yote yana jina langu. Mimi ndiye gavana. Ulitaka yawe na jina la shangazi yako?"

"Mheshimiwa, hili afadhali ulisome."

"Nisome, na ukaguzi aufanye nani?"

"Mheshimiwa, nakuomba, fungua jicho. Hata hilo dogo."

"Macho yangu yote ni madogo, Kasuku, usinitukane! Jibu ni lipi?"

"Lile lile."

"Limewahi kutuletea matatizo?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi leta." Mguu nje. Pa!

Kasuku akalitazama lile tope. Karani aliyeshauri mara tatu, hakusikilizwa, afanye nini tena? Akaenda kutafuta kiti cha mbele.

Bunge likakaa. Kiboko kichwa juu ya maji, mkokoteni wa majani umefika, ila kanuni hairuhusu kula mpaka maswali yaishe. Spika Kobe akajinyoosha, akavuta shingo, akakohoa. Alipomaliza kukohoa, nusu ya asubuhi imekwenda.

Mara, kere-kere-kere-kere! Bi Kanga huyo, vumbi nyuma, kilemba upande. "Mheshimiwa Pimbi! Mkeo ameshalala kitandani, uchungu umemkaza, na mtungi mkavu! Mnafanya nini hapa?"

"Tunasoma swali, Bi Kanga."

"Nani anasoma?"

"Kobe."

"Mungu wangu!" Bi Kanga akakaa chini.

Spika Kobe akaanza. "Swali... la... Mheshimiwa... Pimbi. Je..."

"Soma upesi, Mheshimiwa Spika!" Nani huyo anayeharakisha? Si Pimbi. Ni Kiboko! "Majani yangu yananyauka!"

"Je... serikali... inakubali... kwamba..."

"Inakubali, inakubali! Twende kwenye jibu!"

"...kwamba... Gavana... Kiboko..."

"Ndiye mimi! Endelea!"

"...atoke... lamboni..."

Hata inzi aliyekuwa kwenye majani aliacha kutafuna.

"...apande... nchi kavu... na abebe... mtungi wa maji... kwa mgongo wake... mwenyewe... hadi zahanati... ya Mwambani?" Kobe akapumua. "Jibu... la serikali. Serikali... inashukuru... kwa swali..."

"ZURI!" bunge zima likaitikia. "Inalifahamu jambo hilo! Inaliunga mkono kwa miguu yote minne! Na litatekelezwa kabla jua la leo halijazama!" Wakalisema lote kwa moyo, Kobe bado yuko kwenye "zuri".

Kiboko akapaza sauti, "Hoja ya nidhamu! Nani kaandika upuuzi huu?"

Kobe akaigeuza karatasi, akawaonyesha. "Hapa... pana... wayo."

Wote wakautazama wayo. Wote wakamtazama Kiboko.

"Naliondoa jibu!"

"Mheshimiwa Spika," Pimbi akasimama juu ya kiti ili aonekane, "jibu limesomwa. Mimi ni mdogo, siwezi kumvuta gavana. Namwachia Sajenti."

Vuuuuuuuuuuu!

Kiboko kusikia hivyo akajiinua atoke. Hakutoka! Akajiinua tena. Hakutoka! Kumbe amekaa humo mwaka na ushei, makalio yameshika chini kama ukoko wa chungu. Pundamilia akashika sikio hili, Swala sikio lile, Fisi akasamehewa akarudi kushika mguu. "Eee, vuta! Eee, vuta!" Hakutoka! Pimbi akamwangalia Sajenti. Sajenti akazunguka nyuma ya gavana, akatafuta mahali pazuri. Palikuwa pana, hakuhangaika sana.

"WOOOOI!"

POOO!

Kiboko akaruka mpaka juu ya mkokoteni wa majani. Na pale alipokuwa amekaa, lamboni, pakafanya gulu-gulu-gulu, maji yakazunguka, yakazama shimoni yakipiga mluzi.

Wanyama wakatazamana. Mdomo wa bomba! Wataalamu walikuwa wamekuja, wakapima, wakasema bomba lina kutu. Wengine wakaja, wakasema mlima umeegemea vibaya. Kumbe bomba halikuwa na kasoro hata chembe. Lilikuwa limekaliwa!

Bi Kanga hakungoja hotuba. Kere-kere-kere mpaka zahanati, Pimbi nyuma yake, tiki-tiki-tiki. Mwamvua yuko kitandani, jasho linamtiririka, anapiga ukuta ngumi. "Maji yako wapi, Baba?"

"Yako njiani, mama watoto!"

Haya, wenzangu, sasa kwa nguvu zote. Fungua mfereji!

— Shhhh...

Ngoja! Mfereji ukakohoa, kho! Ukapiga chafya, pchi! Ukatoa mjusi mmoja aliyekuwa mpangaji humo siku nyingi. Halafu...

— CHWAAAAAAA!

CHWAAAAAA! Bi Kanga akanawa, akachemsha, akakunja mbawa. Kabla jua halijazama, Mwamvua akapata watoto watatu, wazima, mama mzima. Pimbi akawapa majina pale pale: wa kwanza Swali, wa pili Swali la Nyongeza, na kitindamimba, aliyechelewa kutoka mpaka wakamkatia tamaa, akaitwa Jibu.

Na Gavana Kiboko? Amri ni amri. Akafika jioni, anapumua kama mvukuto, mtungi mgongoni, nyuki wanamsindikiza kwa heshima zote za kiserikali. Akakuta mfereji unamwagika, watoto wanaogeshwa. Bi Kanga akamtazama juu mpaka chini.

"Weka pale kwenye pipa. Halafu ngoja hapo nje, usikae juu ya kitu chochote."

Basi, watoto, fundisho la hadithi hii liko wazi. Viongozi wakiwa wanaoga, msiwasumbue na maswali. Kukosa maji hakusababishwi na mtu, ni hali ya hewa tu. Kaeni kimya, vumilieni, na maji yatajileta yenyewe kwa miguu. Mkishindwa kuamini, waulizeni wataalamu wa kutu.

Hadithi yangu naifunga kama mfereji, kwi-kwi-kwi. Ikiendelea kudondoka, laumuni mpira wa mfereji, si mimi. Aliye na swali aliandike. Jibu ninalo tayari: msimulizi anashukuru kwa swali zuri, analifahamu jambo hilo, analiunga mkono kwa mikono yote miwili, na atalitekeleza kabla jua la leo halijazama.

Jua limeshazama? Ala! Basi fungua mfereji!

— Chwaaaaaa!