Aliyebaki Amesimama

Hadithi hii imepita mikono mingi kabla ya kukufikia. Isome bila haraka.

Katika shule moja ya milimani alisoma binti aitwaye Tunsume. Siku moja yeye na ndugu zake watatu walikuwa wakivuna viazi, mvua ikawakuta, wakajibanza kwenye kibanda cha shambani. Radi ikapiga. Wale watatu wakafa palepale. Tunsume akatoka bila hata alama.

Matanga hayajaisha, maneno yakaanza. "Kibanda kimoja, watu wanne, wafe watatu abaki mmoja? Huyo anajua jambo."

Tunsume hakulia wala hakujibu. Darasani hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Mwezi ulipotimia, aliamua moyoni kwamba Ijumaa ya wiki hiyo ndiyo mwisho wake wa kwenda shule.

Ijumaa hiyo Mwalimu Sichalwe, aliyefundisha fizikia, aliingia na mfuko wa vizibo vya soda. Akampa kila mwanafunzi kimoja, akawasimamisha wote arobaini.

"Leo ninyi ni viini vya atomu nzito, kama zile za madini ya urani," alisema. "Viini hivyo havikai milele. Kimoja kimoja huvunjika chenyewe, kikatoa mnururisho, miale isiyoonekana kwa macho. Rusheni vizibo. Kikilala mdomo juu, umevunjika, keti. Kikilala mgongo juu, baki umesimama. Haya, nani atabaki mwisho?"

"Tunsume!" alidakia Gwakisa, mchekeshaji wa darasa. "Huyo hata radi imemshindwa!"

Darasa likaangua kicheko. Tunsume akatazama sakafu.

Wakarusha. Kizibo cha Tunsume kikalala mdomo juu, akaketi raundi ya kwanza kabisa. Walibaki ishirini na mmoja. Wakarusha tena, wakabaki kumi. Kisha wanne. Raundi iliyofuata, akabaki mmoja tu amesimama.

Alikuwa Gwakisa.

"Mimi bingwa!" alisema, akiinua mikono.

Mwalimu hakucheka. "Gwakisa, wenzako thelathini na tisa wameanguka. Umewafanya nini?"

"Mimi? Sijawafanya kitu, mwalimu."

"Basi kwa nini wewe tu umebaki?"

"Nimerusha kizibo tu, kama wao!"

"Mchawi huyo!" sauti ikatoka nyuma. Mwingine akadakia, "Kakiloga kizibo, mkagueni mifuko!" Kicheko kikazagaa, na wa mbele yake akasogeza kiti mbali naye.

Gwakisa alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. "Mwalimu, waambie. Haki ya Mungu, sijafanya kitu."

Hapo kicheko kikakatika. Mmoja baada ya mwingine, waligeuka wakamtazama Tunsume, kisha wakainamisha vichwa.

Mwalimu Sichalwe aliongea kwa upole. "Wataalamu wanaweza kukwambia baada ya muda gani nusu ya viini vitakuwa vimevunjika. Lakini mwulize mtaalamu yeyote ni kipi kitafuata, hajui. Kinachovunjika hakikuwa na kosa. Kinachobaki hakikuwa na hila. Radi si urani, wanangu, lakini nayo haikuuliza mtu jina."

Tunsume akainua mkono. Tangu mazishi, hakuna aliyekuwa ameisikia sauti yake darasani.

"Mwalimu, kwa hiyo... sikuichukua nafasi yao ya kuishi?"

"Hapana, mwanangu. Kiini kilichobaki hakijaiba nafasi ya mwenzake."

Tunsume akafunika uso kwa mikono, akalia. Alilia kilio cha mwezi mzima, na mwalimu hakumwambia anyamaze.

Gwakisa alikuwa bado amesimama. Alitembea hadi kwenye dawati la Tunsume, hana utani tena.

"Nisamehe, Tunsume," alisema. "Nimesimama peke yangu dakika moja tu, nikaona dunia yote imenigeuka. Wewe umesimama mwezi mzima."

Tunsume hakuacha shule. Jumatatu alifika mapema, na walipoingia wenzake aliwasalimia kila mmoja kwa jina.

Funzo: Usimhoji aliyesalimika kana kwamba ndiye aliyeua. Si kila msiba una mkono wa mtu nyuma yake, na aliyebaki peke yake anahitaji wa kukaa naye, si wa kumshuku.