Njema ya Bi Pimbi

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa jabali, na joko, na moshi wa asubuhi.

Basi tulieni. Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na kazi zao na masoko yao, aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Bi Pimbi. Nasema pimbi, yule wa majabalini. Simsemi perere, yule wa mitini anayepiga kelele. Watu wengi huwachanganya, na si haki.

Bi Pimbi aliishi kwenye jabali liitwalo Kitundumo pamoja na dada zake wawili, wote wajane. Joko lao, yaani mahali pa kuchomea vyungu, lilikuwa chini ya jabali hilo. Joko ndilo lililowalisha wote watatu. Likizimika, hawakuwa na budi kuhama na kwenda kuomba hifadhi kwa wengine.

Jirani yao alikuwa Mhanga, mchimba mashimo. Mhanga alichimba kila mahali akitafuta mchwa. Aliijua ardhi ya nchi ile kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake.

Na katika nchi ile palikuwa na desturi. Ukimuuliza mwenzako habari, hujibu: njema. Akishasema njema, humuulizi tena. Kumuuliza mara ya pili ni kumwambia kuwa amesema uongo. Neno "ila", yaani kasoro, lilikuwapo, lakini lilikuwa neno la vyombo tu. Walisema: mtungi huu una ila, chungu kile hakina ila. Katika salamu halikuwamo.

Siku moja Bi Pimbi alikwenda machimboni kuchukua udongo. Wafinyanzi huupima udongo hivi: huuviringisha kama kamba nyembamba, kisha huizungusha kamba hiyo kwenye kidole. Udongo mzuri huzunguka kidole wala haukatiki. Siku hiyo kamba ilikatika.

"Ni jua," Bi Pimbi akasema. "Jua limekuwa kali." Akauongeza maji, akaenda zake.

Njiani akakutana na Mhanga.

"Bi Pimbi, habari za joko?"

"Njema."

Mhanga alisimama kidogo, masikio yake marefu yamesimama pia. Alikuwa na neno. Alijua kwamba udongo wa machimbo yale umebaki unene wa kiganja tu, na chini yake ni mchanga. Lakini alikwisha kujibiwa njema. Akainamisha pua yake, akapita.

Siku ya pili wakachoma mitungi kumi na miwili. Zamani, katika kumi na miwili, ulikuwa ukipasuka mmoja. Siku hiyo ilipasuka minne.

Dada yake mkubwa akaokota gae, akalivunja kwa vidole. "Mdogo wangu, hili linavunjika kama mkate mkavu."

"Ni kuni," Bi Pimbi akasema. "Zilikuwa mbichi."

"Kuni hizi nimezianika mwenyewe."

"Basi ni wewe uliyezianika vibaya. Beba magae hayo uyatupe nyuma ya jabali, wapita njia wasiyaone."

Dada mkubwa akayabeba. "Wasemao husema mfinyanzi hulia gaeni," akanung'unika. "Sisi tutalala gaeni pia."

Mhanga akapita. "Bi Pimbi, habari za joko?"

"Njema."

Mhanga akasimama, akangoja, akapita.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya gulio. Akaja Bi Kanga, muuza togwa, amejitwika mtungi alioununua gulio lililopita.

"Bi Pimbi, mtungi wako unalia."

"Haulii, shoga yangu. Unatoka jasho. Mtungi usiotoka jasho hauleti baridi. Wewe muuza togwa mzima hujui hilo?"

"Jasho nalijua. Jasho huloanisha mtungi. Hili limeloanisha kitanda changu."

Wanunuzi wakacheka. Bi Pimbi naye akacheka, akampa Bi Kanga mtungi mwingine, wa udongo ule ule. Bi Kanga akaondoka, na gulio lililofuata hakuonekana tena penye vyungu vya Bi Pimbi.

Jioni ya siku ile ya tatu Mhanga akauliza kwa mara ya tatu. "Bi Pimbi, habari za joko?"

"Njema, bwana. Njema sana."

Mhanga akangoja kuliko siku zote. Kisha akapita.

Ikawa mama yake Nyati amekufa. Nyati akataka mitungi ishirini ya maji kwa siku ya arobaini, maana ulikuwa wakati wa kiangazi na waombolezaji wangetoka mbali. Akaja Kitundumo yeye mwenyewe.

"Bi Pimbi, sitaki kwenda kwa mwingine. Mama alikunywa maji ya mitungi yako maisha yake yote. Utaweza?"

Bi Pimbi aliyatazama machimbo. Aliwatazama dada zake. Angeweza kusema kweli. Akasema, "Nitaweza."

Wakafinyanga, wakachoma. Udongo ulikuwa mchanga mtupu. Ufa ulipotokea, Bi Pimbi aliujaza nta, akaupaka masizi, akausugua kwa jiwe mpaka ukang'aa. Mitungi ishirini ikapendeza kuliko yote aliyowahi kufanya. Dada mdogo akaigonga kwa kidole. Mtungi mzima huitika. Hii haikuitika.

"Dada, sauti yake imekufa."

"Nani atakwenda kuigonga mitungi ya msibani?"

Siku ya arobaini waombolezaji wakaja kwa mamia. Mitungi ilipangwa katika safu mbili, imejaa maji yaliyotekwa mbali sana. Jua likapanda. Nta ikayeyuka. Mtungi wa kwanza ukafunguka, ukafuata wa pili, na kabla ya adhuhuri maji yote yalikuwa yamenywewa na vumbi.

Wazee walikuwapo wenye kiu, na watoto walikuwapo. Wakayatazama magae.

Nyati akasema kwa upole, "Bi Pimbi, ungeniambia huwezi, ningemlilia mama yangu kwa amani."

Bi Pimbi akarudi Kitundumo. Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kununua hata kibia cha kufunikia chungu. Mwezi ukapita. Dada mkubwa akafunga mzigo wake, na dada mdogo akafunga wake. Walikwenda kuomba hifadhi kwa ndugu wa mbali, na huko walibaki; Bi Pimbi akasalia peke yake jabalini. Jivu la joko likapeperushwa na upepo.

Ndipo Mhanga alipopita.

"Bi Pimbi, habari za joko?"

"Njema," akajibu, maana ulimi ulikwisha kuzoea. Mhanga akageuka aende zake.

"Ila," Bi Pimbi akasema.

Mhanga akasimama. Hakuwahi kusikia neno hilo likitoka baada ya njema. Lilikuwa neno la vyombo.

"Umesemaje?"

"Nimesema njema, ila. Mimi ndiye mwenye ila. Udongo umekwisha, Mhanga. Ulikwisha zamani na nikajua."

Mhanga akaketi chini. "Hata mimi nilijua. Tangu siku ile ya kwanza. Juu ya mteremko, penye mashimo yangu matatu, upo udongo mweusi usiokatika. Ungekutosha miaka mingi."

Bi Pimbi akamtazama sana. "Mbona hukuniambia?"

"Uliniambia njema. Ningekuuliza tena, ungesema nakuita mwongo."

"Ningesema hivyo," Bi Pimbi akakiri.

Wote wawili wakafadhaika, kila mmoja kwa kosa lake.

Kesho yake wakapanda mteremkoni. Bi Pimbi akaviringisha udongo, akauzungusha kidoleni. Haukukatika. Akafinyanga mtungi mmoja tu, akauchoma peke yake, akauchukua kwa Nyati.

Nyati akaugonga. Ukaitika. Akaujaza maji, akauweka juani siku saba, naye akawa anautazama. Siku ya nane akasema, "Nifanyie miwili."

Hakusema ishirini. Alisema miwili, na Bi Pimbi akashukuru, akaenda kuwasha joko bila mtu wa kumsaidia kupanga kuni.

Tangu hapo wanyama wa nchi ile waliibadili desturi yao. Mtu akiulizwa habari za kazi husema njema, na kama lipo jambo husema ila, na anayeuliza huketi chini asikilize. Hata sisi tulilirithi neno hilo, ingawa wengi wetu tunaliogopa.

Funzo la ngano hii ni hili. Kazi haifi siku mtungi unapopasuka mbele za watu. Huanza kufa siku kamba ya udongo inapokatika kidoleni, na mwenyewe akasema ni jua. Wewe mwenye kazi, taja ila yako ingali ndogo. Nawe jirani mwenye kujua, uliza mara ya pili, hata kama utaitwa mkosa adabu.

Ngano imefika mwisho wa njia yake. Iliyemfaa aichukue aende nayo. Iliyemchosha aniachie, nitairudisha nilikoitoa.